Mlingoti wa kupimia upepo: anzia chini

Ndugu zangu wenye mlingoti wa kupimia upepo hapa Goma, kabla ya kupanda, kagueni nyaya zinazoushikilia. Mawe yetu ya volkano yanadanganya: juu ni magumu, chini yana mashimo, na nanga, yaani chuma kinachoshika waya ardhini, iliyokaza jana inaweza kulegea baada ya mvua kubwa. Mimi huitikisa kila moja kwa mkono, kisha natazama vifungo. Moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo una salfa. Ukichanganyika na mvua unakula chuma. Nikiona kutu kwenye uzi mmoja tu wa waya, nabadilisha waya mzima.

Kwa kawaida upepo hupimwa mita 10 juu ya ardhi, na mtu akianguka kutoka huko hapati nafasi ya pili. Funga mkanda hata kwa kazi ya dakika mbili. Ukisikia radi upande wa ziwa, shuka mara moja.

Kwenye boksi la kurekodi data, waya uingie kwa chini, ukilegea kidogo kabla ya tundu ili maji yadondokee nje. Na nakili data kwanza, ndipo uguse betri.