SOMO: Kuteremka mto kwa mitumbwi wikiendi mkiwa ughaibuni (someni namba 4 mara mbili)

Wakuu, kila wikiendi ndefu ikikaribia swali ni lile lile: "tumejikusanya wageni wa nchi nne, tunataka kuteremka mto siku mbili, tufanyeje?" Naandika mara moja. Ukitaka kuuliza, soma kwanza.

1. Chagueni mto mtulivu, kilomita 15 hadi 20 kwa siku. Kwa kasia mtaenda kilomita 4 au 5 kwa saa, na mtasimama sana.

2. Jaketi la kuokolea huvaliwa, halikaliwi. Mwenzako akilivuta mabegani, lisipande masikioni.

3. Mizigo mizito katikati na chini. Mdomo wa begi lisiloingia maji ukunjwe mara tatu au zaidi, hewa ikiwa imekamuliwa.

4. Magari. Mto hauwarudishi mlikoanzia, kwa hiyo mnahitaji magari mawili. Shusheni kila kitu mwanzo wa safari, wabaki walinzi. Madereva wawili wapeleke magari yote mwisho wa safari, waache moja, warudi na jingine. Sasa funguo. Ufunguo wa gari lililoachwa mwisho LAZIMA upande mtumbwini. Kinachotokea ni hiki: dereva anarudi mwanzo, anavua koti lenye ufunguo huo, analitupa kiti cha nyuma, anafunga gari. Kesho yake jioni mmelowa, giza linaingia, gari liko mbele yenu na ufunguo uko kilomita 35 juu ya mto. Ufunguo wa gari la mwanzo nao upande, maana mtalirudia. Kila mmoja uingie kwenye mfuko wake usioingia maji, ufungwe kwa kamba ndani ya mfuko wa zipu wa jaketi la dereva. Usikae kwenye begi. Mtumbwi ukipinduka begi linakwenda na mkondo. Na kabla ya kusukuma mitumbwi, madereva wainue funguo juu, wote wazione. Msikubali "ninao".

5. Lugha zenu zikiwa tofauti, kubalianeni ishara: kasia limesimama wima, njoo, limelazwa juu ya kichwa, simama.

6. Ukiona mstari ulionyooka umekata mto na maji ya mbele huyaoni, huo ni ukuta uliojengwa kukatiza mto, maji yanaupita juu na kuanguka. Tokeni mapema, bebeni mitumbwi nchi kavu. Chini ya ukuta maji hujizungusha na kumrudisha mtu pale pale, hata kama ukuta ni mfupi.

MASWALI

– Mkuu, ufunguo tukiuficha juu ya tairi?
Mwizi anaanzia hapo. Namba 4.

– Naogelea vizuri, jaketi la nini?
Kichwa kikigonga jiwe hakuna muogeleaji. Usipolivaa, usiende.

– Tuna gari moja tu.
Tangulieni kuacha baiskeli mwisho, imefungwa kwa kufuli. Mkimaliza, mwenye pumzi ataipanda kurudi mwanzo kulifuata gari. Ufunguo wa kufuli nao upande mtumbwini, na ule wa gari asiusahau.

– Samahani mkuu, kwa nini wanasema ukianguka usisimame, hata maji yakiwa ya kiuno?
Swali zuri sana, dada. Mguu hunasa kati ya mawe, mkondo unakusukuma mgongoni, unainama mbele, uso unazama na nguvu ya kuinuka huna. Lala chali, miguu juu ikitangulia mkondo, piga mikono kuelekea ukingoni. Simama makalio yakigusa chini. Ila mti ulioanguka majini ukiwa mbele yako na huwezi kuukwepa, geuka kifudifudi, ogelea kwa nguvu kuuelekea, upande juu yake. Ukifika chali, maji yanakupitisha chini ya matawi na unabaki humo.

– Nyongeza: jioni kambini chomekeni kijiti ukingoni mwa maji. Usiku mkiamka, mnaona kama mto umepanda.
Ahsante sana mkuu, hiyo niliisahau. Na mitumbwi ilale kifudifudi, imefungwa kwenye mti, si kwenye kijiti.

– Kijiti kikizama?
Hamisheni mahema juu usiku huo huo, msisubiri kuche. Asubuhi maji yakiwa ya tope na yamebeba matawi, msiingie. Piga simu, mfuatwe na gari.