Bia ya kopo kwa baridi ya Mbeya, hatua kwa hatua

Karatasi ya maelekezo inayokuja pamoja na kopo la kutengenezea bia imeandikwa kwa mtu mwenye jiko la Uingereza au Australia, ambako nyumba hukaa kwenye nyuzi 20 bila mtu kuhangaika. Mimi naishi Uyole. Mwezi wa sita usiku hapa hushuka chini ya nyuzi 10, na ndoo ikilala sakafuni inaamka baridi kama jiwe. Karibu kila nilichowahi kuharibu katika kazi hii kilianzia kwenye baridi hiyo, kwa hiyo humu nitaizungumzia kuliko jambo lingine lolote.

Tuanze na kopo lenyewe. Ndani yake kuna shira nzito, nyeusi, ya kimea cha shayiri, ambayo imekwisha kutiwa uchungu wa maua ya hopsi. Ukiwa umewahi kumwona mama au bibi akiotesha ulezi kwa ajili ya komoni, pombe yetu ya kienyeji, kimea unakijua tayari: nafaka inaloweshwa, inachipua, inakaushwa, na kuchipua huko ndiko kunakoipa nguvu ya kugeuza wanga wake kuwa sukari. Waliotengeneza kopo wamekwenda mbele zaidi. Wamekiloweka kimea kwenye maji ya moto, wakachuja, wakapunguza maji hadi ikabaki shira. Wewe umebakiziwa usafi, joto na subira.

Vitu vya kuandaa

Kopo moja la kilo 1.7 na pakiti yake ya chachu, ambayo kwa kawaida hukaa chini ya kifuniko cha plastiki. Sukari ya dukani gramu 800. Ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko ya kukaza. Mpira mwembamba wa mita moja na nusu, kipimajoto, na haidromita, ile chupa ndogo ya kioo inayoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na wa maji. Watu wengi huiruka haidromita ili kuokoa pesa. Usiiruke. Kama fedha ni kidogo, punguza kwingine.

Ndoo iwe iliyobeba mafuta ya kula au iwe mpya. Ya rangi au ya mbolea haifai hata ukiiosha mara kumi, na iliyokaa dagaa itakupa bia ya dagaa, kwa sababu plastiki hushika harufu. Toboa tundu kwenye kila mfuniko, pitisha kipande cha mpira kinachobana vizuri, na ncha ya pili itumbukize kwenye chupa yenye maji. Hewa itatoka ikibubujika, na ya nje haitaingia.

Kopo limepangiwa lita 23. Mimi natengeneza lita 20, kumi kila ndoo, bia isiwe nyepesi mno mdomoni na povu lipate nafasi ya kupanda. Ndoo mbili pia zinabebeka, jambo ambalo utalishukuru zitakapotakiwa kuhamishwa usiku.

Hatua ya 1: usafi

Osha kila kitu kwa sabuni isiyo na manukato na kitambaa laini. Steelwire iache kwenye masufuria, maana mikwaruzo kwenye plastiki ndiyo nyumba ya vijidudu. Kisha loweka kwa dakika 20 kwenye maji yenye jiki isiyo na manukato, vijiko vitatu vya chakula kwa lita 10, halafu suuza kwa maji yaliyochemshwa hadi harufu iishe kabisa. Jiki usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi; hutoa hewa ya sumu.

Hatua ya 2: maji ya jana

Jioni ya siku iliyotangulia chemsha lita 16 za maji, yaache yachemke dakika kumi, uyafunike. Kwa mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, na muda huo unatosha. Asubuhi yatakuwa yamepoa yenyewe. Hapo baridi ya Mbeya inatusaidia.

Hatua ya 3: kuchanganya

Weka kopo kwenye maji ya moto dakika kumi ili shira ilegee. Chemsha lita tatu za maji, zima moto, mimina shira na sukari, koroga kwa mwiko safi hadi sukari iishe kabisa chini. Ukiacha moto ukiwaka, shira inashika na kuungua.

Gawa mchanganyiko huo sawa kwa ndoo mbili, kisha ongeza maji ya jana hadi kila moja ifike lita 10. Yamwage kutoka juu, yapige povu: chachu inahitaji hewa mwanzoni, na hii ndiyo mara pekee katika kazi nzima ambapo hewa inakaribishwa.

Pima joto. Juu ya 24, subiri. Pima na haidromita, uandike namba. Kwa vipimo hivi itakuwa karibu na 1.040. Kisha nyunyiza nusu ya pakiti ya chachu kila ndoo na ufunge.

Hatua ya 4: kuilinda na baridi

Chachu ya aina hii inapenda nyuzi 18 hadi 22. Juu ya hapo hufanya haraka na kuacha ladha ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Chini ya 15 nyingi husinzia. Hazifi, zinalala, na sukari inabaki pale pale.

Bibi yangu alikuwa akifunika chungu cha komoni kwa blanketi na kukitega sikio. Blanketi nimelichukua kwake, na linafaa sana siku tatu za kwanza, kwa sababu chachu ikifanya kazi hutoa joto lake yenyewe. Baada ya hapo joto hilo hupungua na blanketi peke yake halitoshi. Weka ndoo kwenye beseni kubwa lenye maji vuguvugu, funika vyote kwa pamoja, na ubadilishe maji asubuhi na jioni. Weka ubao au gunia chini ya beseni, kwa kuwa saruji hunyonya joto. Chumba cha ndani kisichogusa ukuta wa nje ni bora zaidi.

Nakusihi jambo moja: usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili kupasha ndoo joto. Hewa yake haina harufu na inaua watu waliolala. Hakuna bia yenye thamani hiyo.

Hatua ya 5: kujua kama imekwisha

Kopo langu la kwanza nililianza mwezi wa sita. Siku ya tano mabubujiko yalikoma, nikafurahi, nikajaza chupa za kioo na kuzipanga chini ya kitanda cha chumba cha wageni. Zilikaa kimya Julai yote na Agosti. Oktoba, joto lilipopanda, usiku mmoja zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine. Asubuhi nilikuta kipande cha kioo kimejikita kwenye mbao ya mlango. Mgeni angekuwa amelala pale, sijui ningesema nini kwa ndugu zake. Chachu ilikuwa imelala kwa baridi na sukari imebaki nyingi. Joto lilipokuja ikaamka ndani ya chupa iliyofungwa, na gesi haikuwa na pa kutokea.

Komoni hunywewa ikiwa bado inachacha, siku moja au mbili tu, kwa hiyo sikio la bibi lilimtosha. Bia ya chupa inataka namba. Kuanzia siku ya kumi chota kidogo kwa kijiko kirefu safi, pima, usirudishe ulichopima. Rudia baada ya siku mbili. Namba ikiwa ile ile mara mbili, na iko 1.010 au chini yake, imekwisha. Ikikwama kwenye 1.020, ipashe hadi nyuzi 20, tikisa ndoo polepole bila kuifungua, ipe wiki nyingine. Mwezi wa saba hapa nimewahi kusubiri wiki tatu na nusu.

Ukitaka kujua kilevi, toa namba ya mwisho kwenye ya kwanza na uzidishe kwa 131. Kutoka 1.040 hadi 1.009 ni asilimia 4 hivi.

Hatua ya 6: chupa

Kwa mara ya kwanza tumia chupa za plastiki za soda za nusu lita. Zimeundwa kuhimili gesi, hufungwa kwa mkono, na ukizibonyeza unajua zimefikia wapi. Zikishakuwa ngumu kama soda mpya, gesi imetosha. Ukija kuhamia kwenye kioo, chukua za kahawia zisizo na ufa, kwa kuwa mwanga wa jua huharibu hopsi na kuleta harufu mbaya.

Tia kwenye kila chupa robo tatu ya kijiko cha chai cha sukari, kijiko kilichosawazishwa, yaani gramu tatu. Usiongeze kwa kudhani utapata povu zaidi. Inua ndoo mezani, vuta bia kwa mpira uliotakaswa, ncha iguse chini ya chupa ili isirushe povu, na uache nafasi ya vidole viwili juu. Mashapo ya chini ya ndoo yaache hapo hapo. Lita 20 zitakupa chupa 37 au 38.

Ziache wiki mbili kwenye nyuzi 18 hadi 20, gizani. Wakati wa baridi nazo zinahitaji blanketi. Baadaye zipeleke kwenye kona ya baridi kwa wiki mbili nyingine. Wakati wa Juni, Uyole nzima ni friji.

Hii ni ya nyumbani na ya watu wazima. Kuuza kunataka leseni, na kuichemsha ili kukinga mvuke wake ni gongo, ambalo ni hatari na ni kosa kisheria.

Wakati wa kumimina inamisha glasi, mimina kwa mkono mmoja bila kusita, na uache chini ya chupa kiasi cha kidole kimoja chenye chachu iliyotulia. Na kama unapeleka chupa kwa ndugu Kyela, zifunge kwa gunia lenye maji na usizipakie kwenye buti la gari mchana, maana huko chini ziwani joto ni jingine kabisa na gesi ndani ya chupa hupanda nalo.