Lori la zamani lililosimama miaka mingi: namna ya kuliamsha bila kuliua

Lori la petroli lililoegeshwa miaka kumi au ishirini mara nyingi halikuharibiwa na safari, limeharibiwa na kusimama. Petroli imegeuka gundi, mafuta ya breki yamevuta unyevu, maji yamekula rejeta kutoka ndani, na oili imeshuka yote chini ikaacha kuta za silinda kavu. Ndiyo maana siku ya kwanza hatuungi betri wala kupiga stata, hata tukiambiwa liliegeshwa likiwa zima. Ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu hukatika zikilazimishwa, na kazi ya siku tatu hugeuka kazi ya kufungua injini nzima.

Tafuta kitabu cha ufundi cha modeli yako kabla ya yote. Vipimo vilivyomo hapa ni vya kawaida kwa injini za petroli za miaka ya 1940 hadi 1960. Kitabu kikisema vingine, fuata kitabu. Angalia pia aina ya nati. Malori ya Marekani ya zama hizo yanataka spana za inchi, na ya Uingereza ya zamani huwa na nati za Whitworth, ambazo spana ya milimita itazila pembe tu. Na kama nati za magurudumu ya kushoto zimegoma, tazama ncha ya bolti: ikiwa na herufi L, uzi wake ni wa kinyume, unafunguka kwa kuzungusha upande tuliozoea kukazia. Bolti nyingi nzima zimekatwa kwa kutojua hilo.

Magurudumu: hapa ndipo watu hufa

Malori mengi ya zamani yana rimu za vipande, zile zenye ringi ya chuma inayofungia tairi. Ringi hiyo ikila kutu kisha ikaruka tairi likiwa na upepo, inaua. Kwa hiyo kabla ya kulegeza nati hata moja, ng'oa sindano ya valvu na uache upepo wote utoke, kisha pitisha waya kwenye valvu kuhakikisha haijaziba. Kuna na rimu za aina nyingine, nusu mbili zilizofungwa pamoja kwa bolti zake zenyewe. Ukikosea ukalegeza hizo badala ya nati za gurudumu, nusu hizo zinafyatuka. Tairi lililokaa bila upepo usilijaze likiwa bado kwenye rimu kuukuu. Livue, safisha ringi na mfereji wake, na ukiona ufa au kutu iliyochimba, tupa. Kujaza upepo ni ndani ya kizimba cha chuma, kwa hozi ndefu yenye kishikizo cha kujishika, nawe umesimama pembeni, si mbele ya gurudumu.

Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ukishanyanyua, weka stendi za chuma zinazobeba uzito huo. Tofali la saruji halitoi onyo. Linapasuka mara moja.

Injini

Toa plagi zote. Changanya oili ya giaboksi otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, mimina kama mililita 30 kila silinda, uache siku mbili tatu ukiongeza kidogo kila siku. Asetoni inawaka kama petroli, kwa hiyo pasiwe na moto karibu. Kisha weka gia huru, tia spana ndefu kwenye nati ya puli ya krankshafti, na usukume kwa mkono mbele na nyuma, kidogo kidogo. Ikisogea hata upana wa kidole umeshinda. Endelea kuitikisa mpaka izunguke mzunguko mzima. Isiposogea kabisa baada ya wiki, fungua silinda hedi uone kilichoko. Usiongeze bomba kwenye spana.

Ikishazunguka, mwaga oili na ufungue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Wengi huruka hatua hii. Oili za zamani hazikuwa na dawa ya kusafisha, na tope lake hulala chini ya sampu unene wa sentimita moja au mbili. Ukimimina oili ya kisasa juu ya tope hilo, linalegea, linaziba chujio la pampu, na beringi zinakosa oili. Kwangua, safisha chujio, badilisha gasketi. Tumia oili ya 20W-50 au 15W-40 yenye zinki ya kutosha, kwa sababu tapeti, zile zinazosukuma valvu, katika injini hizi husuguana na kemshafti moja kwa moja na zinki ndiyo inayozikinga. Hapo sasa unga betri, uzungushe kwa stata plagi zikiwa nje mpaka geji ya oili ipande.

Petroli

Mwaga yote. Ikinuka kama rangi ya mbao, gundi imeshajaa kwenye mabomba. Vua tangi, tia kipande cha mnyororo na siki, tikisa, uache siku moja au mbili, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, kausha papo hapo, halafu pakaa oili nyepesi kabla kutu mpya haijaanza. Tangi linalovuja usilichomelee nyumbani hata kama limekaa tupu miaka mingi, kwani mvuke wa petroli hubaki kwenye kutu.

Hozi za mpira zote ni mpya, za aina inayostahimili petroli yenye ethanoli. Pampu ya petroli inayoendeshwa na injini ina ngozi ya mpira ndani. Ikipasuka, petroli hushuka kwenye oili. Dalili yake ni oili kuongezeka badala ya kupungua, na kijiti cha kupimia kunuka petroli. Ukiona hivyo usiwashe.

Kabureta ifunguliwe yote. Boya litikise sikioni: ukisikia kitu kinacheza ndani, limetoboka, na kabureta itafurika. Jeti zisafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo, kamwe si kwa waya, maana shaba ni laini na tundu likipanuka kidogo tu injini itakula mafuta bila kukoma.

Umeme na platini

Kama lori ni la volti 6, kumbuka kwamba kwa nguvu ileile stata inahitaji ampea mara mbili ya volti 12. Kebo za betri zisiwe chini ya milimita mraba 50. Stata inayozunguka kwa uvivu mara nyingi si mbovu. Ni kebo nyembamba, au ethi iliyofungwa juu ya rangi na kutu. Piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kisha funga mkanda wa ethi kutoka injini hadi chasisi. Hakikisha pia ni ncha ipi inakwenda kwenye bodi, kwa kuwa baadhi ya malori, hasa ya Uingereza, huwa na chanya kwenye ethi.

Sasa platini, vile viguso viwili ndani ya distributa vinavyounga na kukata umeme wa cheche. Zungusha injini kwa mkono mpaka kisigino cha platini kipande kwenye kilele cha kemu ya distributa, ndipo zimeachana zaidi. Tazama nyuso zake kwa tochi. Upande mmoja ukiwa na kilima na wa pili una shimo, filageji (karatasi za chuma za kupimia nafasi) itapima kilima na kukudanganya: sawazisha kwa tupa ndogo, au weka mpya. Usitumie msasa, punje zake hubaki katikati zikala nyuso. Nafasi iwe 0.35 hadi 0.45 mm. Karatasi ya filageji ipite ikigusa pande zote mbili, bila kusukuma platini ifunguke. Kaza skrubu, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huvuta. Weka grisi kidogo, kama punje ya mchele, kwenye kemu, la sivyo kisigino kitalika na nafasi itajifunga. Platini kwanza, taimingi (wakati wa kutoa cheche) baadaye. Ukibadilisha nafasi, taimingi nayo imesogea.

Kondensa, kile kikopo kidogo kilichoungwa na platini, ikiwa mbovu, platini zitatoa cheche kubwa na plagi itatoa cheche dhaifu ya manjano. Nafasi ya plagi ni 0.6 hadi 0.8 mm.

Maji

Ondoa themostati, suuza rejeta kinyume, maji yakiingia kwa hozi ya chini na kutoka juu mpaka yawe meupe. Bloku nayo isuuzwe kinyume, maji yakiingia juu na kutoka chini. Angalia mfuniko: rejeta nyingi za zamani hazikuwa na shinikizo, au zilitumia psi 4 au 7. Mfuniko wa kisasa wa psi 15 utafungua viungio vya risasi. Jaza maji yaliyochujwa kwa mvuke pamoja na kulanti inayofaa shaba, nusu kwa nusu.

Breki

Malori haya kwa kawaida yana masta silinda (ile inayosukumwa na pedali) ya mkondo mmoja. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yamekosa breki. Kwa hiyo hatuchagui: mabomba yote, hozi zote, na raba zote za silinda za magurudumu ni mpya. Mabomba yawe ya shaba-nikeli, si shaba tupu. Vumbi la breki shuu za zamani lina asbesto. Lilowanishe kwa maji ulifute kwa kitambaa, usilipulize kwa upepo.

Ndani ya masta silinda, chini ya chombo cha mafuta, kuna tundu jembamba kama sindano. Kazi yake ni kurudisha mafuta ukiachia pedali. Likizibwa na uchafu, au kijiti cha pedali kikikosa uhuru wa milimita 1 hadi 2, shinikizo hubaki ndani, breki zinajikaza zenyewe, na baada ya kilomita chache dramu zinachemka. Kulijaribu, fungua mfuniko na umwombe mwenzako aguse pedali polepole: unatakiwa kuona mafuta yakiruka kidogo juu mwanzoni mwa mwendo. Yasiporuka, ongeza uhuru wa kijiti kwanza. Magurudumu yote yakishika, kosa liko kwenye masta silinda. Likishika moja, shuku hozi yake iliyovimba ndani, au silinda ya gurudumu hilo.

Tumia mafuta ya DOT 3 au DOT 4, usiyachanganye na DOT 5 ya silikoni. Kutoa upepo anzia gurudumu la mbali na masta silinda. Kisha zungusha kirekebishaji cha breki shuu mpaka gurudumu lishike, uregeshe mpaka liwe huru tu.

Kuwasha na safari ya kwanza

Siku ya kwanza tumia kidumu kidogo cha petroli mpya chenye chujio la kuonekana ndani, kifungwe mbali na ekzosi, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi. Ikiwaka, macho yako kwenye geji ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde 10 hadi 15, zima. Oili hii ya kwanza imwage baada ya kama saa moja ya kunguruma, itatoka na uchafu mwingi. Rekebisha tapeti na ukaze bolti za hedi kama kitabu kinavyoagiza.

Giaboksi ipate oili ya GL-4. Ile ya GL-5 huweza kula sinkronaiza za shaba. Kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hukatia kona juu yake, zitie grisi ekseli ya mbele ikiwa juu ya stendi. Lori likikaa chini, uzito hubana upande ule hasa unaohitaji grisi. Pampu mpaka grisi mpya itoke, urudie kila kilomita 1,500. Yubolti za springi na nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 za kwanza, ukigusa kila dramu kwa mgongo wa mkono: iliyo moto kuliko zenzake ndiyo utakayoanza nayo kesho.