Kitufe cha A kikifa, usikimbilie kununua kibodi

Nachapa barua na fomu za watu hapa Langoni, Lamu, na laptopu yangu hukaa dirishani, ikipigwa na upepo wa bahari mchana kutwa. Chumvi ilianza na kitufe cha A. Kwanza kilitaka kubonyezwa mara mbili, kisha kikanyamaza kabisa. Ingekuwa Q ningevumilia, maana Kiswahili hakina Q. Lakini jaribu kuandika "wanawake wa Amu" bila A uone kinachobaki.

Fundi alisema ibadilishwe kibodi nzima. Mimi nikaihamishia A kwenye Caps Lock, na sijui kuandika programu hata kidogo.

Kama una Windows 10 au 11, ingia Microsoft Store utafute PowerToys. Ni ya Microsoft wenyewe na ni ya bure. Ifungue, nenda Keyboard Manager, iwashe, kisha bonyeza "Remap a key". Utaona pande mbili: kushoto ni kitufe utakachobonyeza mkono wako, kulia ni kile kompyuta itakachokielewa. Kushoto weka Caps Lock, kulia A. Itakuonya kwamba Caps Lock haitapatikana tena, kubali. Nilichagua hicho kwa kuwa kimepakana na A, kidole hakipotei njia. Ukitaka herufi kubwa, shikilia Shift kama siku zote.

Ikiwa A yako haikufa bali imenasa na inamwaga aaaa yenyewe, ongeza mstari wa pili: kushoto A, kulia "Disable". Itatulia, na Caps Lock itaendelea kutoa A.

Kipanya ni rahisi zaidi. Mpwa wangu hutumia mkono wa kushoto, nami humgeuzia kitufe kikuu kiwe cha kulia kwenye mipangilio ya kipanya ya Windows yenyewe.

Tahadhari: PowerToys haifanyi kazi mpaka uwe umeshaingia kwenye kompyuta. Nywila yangu ilikuwa na A tatu, na asubuhi yake nikafungiwa nje, mzee wa watu amesimama na fomu yake mkononi. Ikikupata hiyo, bonyeza alama ya ufikiaji rahisi iliyo chini kulia (kwenye Windows 11 ni ya mtu), chagua kibodi ya kwenye skrini, uiguse A kwa kipanya. Mchana ule ule niliweka PIN ya tarakimu tupu.