Mtoto anakojoa kitandani? Anza na maswali haya

Siku ya kufungua shule, mzazi akishashusha tranka hunivuta pembeni na kunong'ona: "Matroni, huyu bado ana kale katatizo." Nalea bweni la wavulana wadogo hapa Iringa, na baridi ya Juni hainisaidii kukausha magodoro, kwa hiyo chanzo nakitafuta mapema. Wewe unaweza kuanza kukitafuta nyumbani.

Umri kwanza. Akiwa chini ya miaka 5, mwache akue. Hata wakifika miaka 5, watoto kama 15 kati ya 100 bado wanalowesha, wavulana wengi kuliko wasichana, na kila mwaka baadhi yao huacha bila dawa yoyote.

Kisha jiulize: amewahi kulala mkavu miezi 6 mfululizo?

Kama hajawahi, mara nyingi ni maumbile. Kuna homoni iitwayo vasopresini ambayo hupunguza mkojo usiku. Kwa wengine inachelewa kufanya kazi hiyo. Ongeza kibofu kidogo, na ule usingizi ambao ukimwita hasikii, ukimnyanyua hajui. Ukoo nao upo. Mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi, uwezekano wa mtoto kuwa hivyo ni kama 4 kati ya 10. Wakiwa wote wawili, unapita 7. Usimuulize baba, hakumbuki au hataki kukumbuka. Mpigie bibi mzaa baba.

Kama alishakauka halafu akarudia, tafuta kilichobadilika. Amezaliwa mdogo wake? Mmetengana? Kuna msiba? Amehamia bweni? Na hili ni gumu kulisema, lakini nalisema: kuna mtu anamtisha au anamshika asivyopaswa? Muulize mkiwa wawili, bila haraka. Upande wa mwili, maumivu wakati wa kukojoa yanaashiria maambukizi ya njia ya mkojo. Waliokuwa likizo wakiogelea madimbwini nawauliza kama wameona damu kwenye mkojo, maana kichocho kipo. Na akiwa anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa kila mara, nguo zinampwaya, usisubiri Jumatatu. Mpeleke leo leo apimwe sukari.

Swali linalowashangaza wazazi ni la haja kubwa. "Matroni, mimi nimekuja na la mkojo!" Najua, mama. Lakini utumbo uliojaa choo kigumu hukibana kibofu, kikakosa nafasi ya kutanuka. Hapa bweni tatizo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: choo kiko mbali, usiku ni giza, wakubwa wanagonga mlango, basi mtoto anabana mpaka anazoea. Angalia kama anakwenda mara chache kwa wiki, kama choo kinatoka vipande vikavu kama vya mbuzi, kama chupi ina madoa. Mpe maji mchana, papai, mchicha, na umkalishe chooni baada ya chai ya asubuhi, miguu ikiwa imekanyaga kitu. Kisipolainika, hospitali wana dawa ya kulainisha. Wapo wanaokauka kwa hilo tu.

Mtoto mwenye selimundu, yaani sikoseli, ni habari nyingine. Figo zake hushindwa kubana maji, hivyo mkojo unakuwa mwingi usiku na mchana. Wazazi wengi humnyima maji jioni. Usithubutu! Akikaukiwa maji mwilini, maumivu yanaweza kumwanza. Anywe kama daktari alivyoagiza, kilowe kitakacholowa. Mpira wa kutandika godoro upo.

Anayekoroma na kulala mdomo wazi, mwambie daktari amwangalie tonsilizi na nyama za puani. Chai ya rangi na soda ya kola za usiku ziondoe.

Kuhusu viboko na kumbebesha mtoto godoro mbele ya wenzake, sina maneno mengi: aliyelala hakusudii. Na kumwamsha? Mimi huwaamsha saa tano usiku kwa ajili ya magodoro. Tiba si hiyo.

Sasa chukua daftari. Kwa wiki mbili andika alichokunywa na saa, siku alizolowesha, siku alizopata choo. Siku mbili tatu za mapumziko, akojoe mchana kwenye kikombe chenye vipimo. Chukua umri wake, jumlisha 1, zidisha kwa 30: wa miaka 7 anatarajiwa kubeba kama mililita 240. Akitoa nusu ya hapo kila mara, andika hilo pia. Daftari hilo nenda nalo hospitali, omba kipimo cha mkojo, na nakala niletee mimi mkononi. Usimpe mtoto alete. Wenzake wanajua kusoma.