Somo: Kukarabati nyumba ya wanasesere ya Kiingereza bila kufuta umri wake

Somo hili linamhusu mwenye nyumba ya mbao iliyoundwa Uingereza kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia: kuta za nje zimebandikwa karatasi yenye picha ya matofali, na uso wote wa mbele hufunguka kwa bawaba. Kampuni ya G. & J. Lines ya London ilitengeneza nyingi za namna hiyo. Ukikuta jina la Tri-ang, hiyo ni kazi ya wana wa Joseph Lines, walioanzisha kampuni yao mwaka 1919.

Hatua ya 1: Piga picha. Kila chumba, kila bawaba, kila mchubuko. Mulika tochi kwa ubavu, utaona karatasi ilipofutuka na rangi inapobanduka. Using'oe kitu bado.

Hatua ya 2: Jikinge. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na karatasi za kijani za karne ya 19 zinaweza kuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Kwa hiyo usipige msasa mkavu hata kidogo. Vaa glavu na barakoa ya kuzuia vumbi laini, na usile mezani pa kazi.

Hatua ya 3: Wadudu. Matundu peke yake si hoja, huenda wadudu walishaondoka zamani. Unga mpya unaodondoka chini yake ndio dalili ya hatari. Ili kuwaua wadudu, kipande kinachoenea kwenye friza kifunge vizuri ndani ya plastiki, ukiweke kwenye nyuzi -18 kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue plastiki mpaka kiishe ubaridi kabisa, ili umande utue nje na si juu ya mbao. Kama rangi inabanduka, ikazwe kwanza na mtaalamu.

Hatua ya 4: Safisha. Anza na brashi laini, vumbi ukilielekeza kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza uliofungwa kitambaa chepesi. Kwenye rangi ngumu, pamba iliyoloweshwa kwa mate hufanya kazi nzuri. Wahifadhi wa makumbusho huitumia kwa sababu vimeng'enya vya mate hulegeza uchafu. Jaribu kwanza pembeni, pasipoonekana. Karatasi isiguswe na maji.

Hatua ya 5: Viungo na karatasi. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibiwa. Fundi wa zamani alitumia gundi inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama, na wewe tumia hiyo hiyo, ikipashwa moto taratibu kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, bila kuchemka. Ubora wake ni kwamba atakayekuja baada yako ataweza kuilegeza kwa maji ya uvuguvugu. Gundi nyeupe ya kisasa ikishaingia kwenye mbao haitoki vizuri. Karatasi iliyofutuka irudishe kwa uji mwepesi wa wanga wa ngano, upake kwa brashi nyembamba, kisha ukandamize juu ya karatasi isiyonata. Palipotoboka, ziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uipake rangi ya maji. Ukikuta tabaka tatu za karatasi za ukutani, ziache zote! Kila tabaka ni mtoto mwingine aliyewahi kuipanga nyumba hiyo.

Hatua ya 6: Rangi. Jaza mapengo tu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yangu ilipakwa rangi nyeupe juu ya matofali. Niitoe?*
Dada, usiharakishe. Rangi ikishashika karatasi, kuichubua huondoka na karatasi yenyewe. Jaribu eneo dogo la ukubwa wa ukucha, nyuma. Kama matofali yanang'oka, iache nyeupe hiyo. Nayo imeshakuwa sehemu ya nyumba.

*Samani nilizonunua ni kubwa kuliko milango. Nimekosea wapi?*
Hujakosea, kaka. Kipimo cha 1:12, yaani kila kitu kidogo mara kumi na mbili kuliko halisi, kama cha nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza iliyobuniwa na msanifu majengo Edwin Lutyens na kukamilika 1924, hakikuwa sheria kwa watengenezaji wa kawaida. Pima urefu wa mlango na dari kabla ya kununua.

*Mjukuu wangu anaililia. Acheze?*
Hapana, bibi, risasi iliyomo kwenye rangi ni sumu kwa mtoto. Mnunulie mpya ya kuchezea, na hii atazame mkiwa pamoja, wewe ukimfungulia. Iweke mbali na dirisha, maana jua hufubaza karatasi na kilichofubaa hakirudi.