Namna ya Kutathmini Usanifu wa Uwanja wa Gofu Ambao Hujaukanyaga

Anza na uwanja unaoujua kwa miguu. Sisi wa Dar es Salaam tunao wa Gymkhana na wa Lugalo. Ufungue mmojawapo kwenye Google Earth, ulinganishe picha ya setilaiti na miteremko unayoikumbuka, na utaona kwamba pale mpira wako unapobingirika hadi kuiacha grini (eneo la nyasi fupi sana lenye kitundu cha kutumbukizia mpira), picha inakuonyesha nyasi tambarare. Uzito wa kosa hilo uukumbuke kwa kila uwanja wa mbali.

Pili, chagua shimo moja (yaani njia nzima tangu pigo la kwanza hadi kwenye grini), wala usirukie yote 18, ujiulize mchezaji anapewa hiari gani. Shimo la 17 la Old Course, kule St Andrews, Uskoti, linasomeka vizuri kutoka juu: mpaka wa uwanja uko kulia, grini ni nyembamba na imekaa kimshazari, banka (mtego wa mchanga) yenye kina imeikaba mbele kwa kushoto, na nyuma ya grini inapita barabara. Anayethubutu kupiga karibu na mpaka huipata grini kwa urefu wake, ilhali anayekimbilia usalama wa kushoto huikuta banka imemkalia njiani. Chora njia zote mbili kwa rula ya programu na upime umbali wake. Tumia muda wako mwingi hapa, kwa maana jambo hili halidai tiketi ya ndege.

Tatu, soma miinuko kwa tahadhari. Takwimu za bure zilizokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000 zina nukta moja kwa takriban kila mita 30, kwa hiyo grini nzima yaweza kumezwa na nukta moja. Televisheni nayo hulaza vilima: shimo la 10 la uwanja wa Augusta National, kule Marekani, hushuka takriban mita 30, lakini kwenye skrini ni kama mteremko mpole.

Upepo utafutie rekodi za mahali penyewe. (Aliyecheza Gymkhana wakati wa kusi haulizi kwa nini.)

Mwisho, tenga ulichokiona na unachokikisia. Grini za uwanja wa Pinehurst No. 2, nao wa Marekani, zimetuna katikati na kumwaga mipira pembeni, ila kutoka juu ni maduara tu. Zitafutie picha zilizopigwa ardhini jua likiwa chini, vivuli vikiwa virefu. Ukizikosa, toa alama za mpangilio wa mashimo, na nafasi ya alama za grini uiache wazi.